Mlinzi wa Chumba cha Mwisho Anasema Nini?

9 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa umepona kile kikohozi, na kwamba paa lako limehimili mvua. Sisi huku tu wazima. Goti la mama bado linamsumbua, lakini ulimi wake hauna maumivu yoyote: jana alimfokea fundi bomba hadi yule bwana akaondoka na kusahau spana zake sebuleni. Mimi ningali muuguzi wa chumba cha dharura, nashona watu. Wiki iliyopita nilimshona dereva wa trekta aliyepasuka kichwa kutoka paji la uso hadi utosini, na alipozinduka jambo la kwanza aliloniuliza ni kama nimemharibia nywele.

Baada ya hayo, nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nimefungua meza. Ule mchezo wa mapango uliotufundisha utotoni sasa unachezwa huku kila Jumapili alasiri, katika chumba cha nyuma cha duka la mikate, tanuri likiwa limeshapoa. Mimi ndiye msimulizi: ninalieleza pango na kukisemea kila kiumbe kilichomo, nao wachezaji huishi ndani yake, kila mmoja na mhusika wake; pale ambapo maneno hayatoshi, kete huamua. Ramani nimeichora kwa miraba kama ulivyokuwa ukichora wewe, mpima ardhi, na vizibo vya chupa ndio askari wetu.

Wachezaji ni watatu. Mwokaji, mwenye chumba, ndiye mbeba taa wetu, na hataki kupigana hata kidogo. Anataka kuzungumza na kila kitu, hata na makufuli. Mwalimu wa hesabu ni mpiga upinde, naye hupima kwa rula kabla ya kuvuta pumzi. Wa tatu ni mwanao.

Najua hamjasemezana tangu alipoondoka nyumbani kwako. Alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Anakata vyuma chakavu katika yadi iliyo nyuma ya stesheni, na mikono yake imejaa makovu ya cheche. Aliketi, akachora mtu mmoja mkubwa mwenye shoka, asiye na jina wala kwao. Nikamuuliza, "Anaongeaje huyu?" Akanijibu, "Haongei."

Kweli haongei. Jumapili iliyopita walikutana na wachimbaji wa chini, viumbe vyenye ngozi ya kijivu na meno ya jiwe. Mwokaji akainua taa, akaanza kuwaamkia kwa adabu ili aulize njia. Mwanao akarusha kete bila kusema neno. Shoka lilimwingia mchimbaji wa kwanza begani likatokea ubavuni, na damu iliyoruka ikaizima taa. Gizani akawamaliza wengine wawili kwa kufuata sauti ya kilio chao.

"Jamani!" akalalamika Mwokaji. "Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwenye 'hamjambo'!"

Mjomba, ninaomba mambo mawili. Nifundishe namna ya kuwaweka pamoja wanaotaka kusema na wanaotaka kupiga. Kisha nitengenezee mlinzi wa chumba cha mwisho, maana hakuna anayejua kuwatengeneza kama wewe.

Wako akupendaye,
Mpwa wako

2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Kikohozi kimeondoka, paa limebaki, ingawa ningependelea vibadilishane nafasi, kwa kuwa linavuja juu ya meza yangu ya kuchorea. Mwambie mama yako kwamba goti haliponi kwa kulipandisha ngazi kila saa ili kukagua kazi za mafundi. Jirani yangu amenunua jogoo asiyejua wakati. Nimempa onyo, jirani, si jogoo.

Nije kwenye maswali yako. Mapigano yasiyo na swali ndani yake ni machinjio tu, na maongezi yasiyo na makali karibu yake ni porojo. Kosa la wasimulizi wengi ni kuvitenga viwili hivyo: sasa tunazungumza, sasa tunapigana, kana kwamba ni vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Bomoa ukuta huo. Kila adui mpe haja: mmoja anataka maji, mwingine anataka kurudi kwao, mwingine anataka kulipiza. Kiumbe chenye haja kinaweza kuombwa, kutishwa, kudanganywa na hatimaye kuuawa. Kisicho na haja kinaweza kuuawa tu, na wachezaji wako wataonyesha kwamba wamekielewa kwa kukiua. Pia ruhusu sentensi moja katika kila zamu, bila gharama. Mtu anaweza kupiga huku anasema. Nimeona watu wakifanya hivyo hata mahakamani.

Kuhusu mwenye shoka. Mchezaji wa namna hiyo anapata nguvu akiwa katikati ya chumba kipana. Mnyime upana. Mpitishe kwenye vichochoro ambamo shoka linagonga ukuta, na umwekee maadui wa mbali. Kabla ya yote, piga mbeba taa. Taa ikizimika, shoka ni chuma kizito tu.

Uliniuliza mambo mawili, nami nimelijibu moja. La pili liko mezani na litakufikia. Kete zirushwe hadharani siku zote.

Mjomba wako

20 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu na anasema magoti ni yake na ngazi ni zake. Tumepaka sebule rangi ya maziwa; tayari ina alama ya mkono ambao kila mtu anaukana. Kazini tumeletewa majeruhi wa ugomvi wa baa, wawili waliochomana kwa kisu kimoja kwa zamu, na tukawalaza vitanda jirani kwa kuwa nafasi haikuwapo. Walipoamka waliombana sigara.

Ushauri wako niliufuata neno kwa neno. Wachimbaji niliwapa haja: walikuwa wamefiwa na watoto wao katika maporomoko, na walitaka tu kuvuka daraja kwenda kuzika. Mwokaji alilitambua hilo. Alizungumza nao vizuri, mjomba, hata Mwalimu akaweka rula chini. Wakapiga magoti sita kwa safu, wakaweka sururu zao kwenye vumbi, na mkubwa wao akaanza kuyataja majina ya marehemu.

Mwanao akarusha kete.

Nitakueleza kama ninavyoandika kwenye cheti, kwa kuwa sijui namna nyingine. Wa kwanza alikatwa shingo kutoka nyuma, pigo moja, na kichwa kikabaki kimening'inia kwa ngozi ya koo. Wa pili aliinua mikono, ikakatika yote miwili juu ya viwiko. Wa tatu alipigwa usoni. Wa nne na wa tano walikimbilia ukingoni na kuanguka wenyewe. Mkubwa wao aliendelea kutaja majina mpaka shoka likampasua kinywa, na katikati ya jina moja akanyamaza.

Mwokaji alisimama. "We bwana una nini? Walikuwa wameshasalimu amri!"

"Wangegeuka," akasema mwanao.

"Nani kakwambia?"

"Wanaokuacha useme ndio wanaogeuka."

Hapo nikaelewa, na wewe unaelewa pia. Mjomba, mwanao alizaliwa msemaji. Katika meza yako yeye ndiye alikuwa akiamkia makufuli. Siku ile ya mwisho alimtoa mhusika wake mbele ya mfalme wa wafu, mikono mitupu, akaanza hotuba aliyoiandaa juma zima. Ulimwacha afike katikati. Kisha, kwa sauti ile ile ya kusoma vipimo vya viwanja, ukasema upanga wa mlinzi wake umepita kooni, ukarusha kete, ukasema: "Zamu inayofuata." Meza nzima ilicheka. Hakurudi mezani, na baada ya muda hakurudi nyumbani.

Nilimfuata nje Jumapili hii. Aliniambia, "Dada, hii ndiyo meza ya mwisho nakaa na mtu wa ukoo huu. Ikiisha kama ile, msinitafute." Hakutania. Sasa unajua kinachonitegemea. Mwokaji anataka nimfukuze, na nikimfukuza, tumempoteza sote.

Nakungoja.
Mpwa wako

25 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa, posta ya huku ilifungwa kwa ukarabati, na ilipofunguliwa hakikuonekana kilichokarabatiwa. Jogoo wa jirani ameaga dunia. Mimi sihusiki.

Mlinzi uliyeniomba nimemwambatanisha kwa karatasi yake. Ni mtu mkubwa aliyevaa chuma kilichoota kutu hata hakivuliki, mwenye upanga mkono wa kulia na kulabu ya mnyororo mkono wa kushoto. Chumba ni cha nguzo nne. Nimekupimia kila mraba.

Apigane hivi. Kwanza azime taa: kulabu imfikie mbeba taa kabla ya mtu yeyote kusogea. Pili amvute mpiga upinde karibu, kwa sababu upinde wa karibu ni fimbo tu. Tatu arudi kwenye nguzo ya kushoto na kuegemeza mgongo wake hapo, ili mwenye shoka alazimike kuja kutoka mbele, mahali ambapo upanga unamngoja. Asimfukuze. Amngoje. Mwenye shoka ana papara, na mwenye papara huinua mikono juu mno. Kwapa likiwa wazi, upanga uingie hapo, uelekee juu, ufike kwenye pafu.

Usimpunguzie makali kwa huruma. Msimulizi anayegeuza kete kwa siri humdharau mchezaji.

Kuhusu mambo mengine uliyoandika, nimeyasoma.

Mjomba wako

14 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama hajambo. Goti limeacha kuuma, maumivu yamehamia lingine. Nimepandishwa cheo kazini. Maana yake ni kwamba sasa ninashona na pia ninahudhuria vikao.

Tumeingia chumba cha mwisho.

Nilimwacha mlinzi wako apigane kama ulivyoagiza. Kulabu ilitoka gizani ikamwingia Mwokaji chini ya taya, ikachomoza mdomoni, na mnyororo ukamburuta sakafuni hadi taa ikavunjika na mafuta yakamwagika.

"Mdomo tena?" akasema Mwokaji. "Mwili mzima huu, ameona mdomo tu?"

Mwalimu alivutwa wa pili. Alirusha mshale mmoja uliopita kwenye tundu la jicho la kulia la kofia ya chuma, nao upanga ukashuka ukamkata mkono wa kushoto. Nilimwambia kwamba mkono ulianguka ukiwa bado umeushika upinde. Akauliza kama ni mkono wa kuandikia. Nikasema hapana. Akasema, "Basi endelea."

Mwanao alivamia. Alimpiga mlinzi pajani, chuma kikapasuka na nyama iliyooza ikaonekana. Mlinzi akarudi nyuma hadi nguzo ya kushoto. Mwanao akaichukua kete yake, akainua mkono arushe, kisha mkono ukabaki hewani.

"Dada. Huyu nani kakuchorea?"

"Msimulizi ni mimi."

"Sijakuuliza hivyo. Huyu anaanza na taa. Anamvuta wa mbali. Anaenda nguzo ya kushoto, anangoja niinue mikono anichome kwapani." Akakigusa kizibo cha mlinzi kwa kidole. "Nimeshapigwa na huyu kabla sijaota ndevu. Ni kazi ya mzee."

Mwalimu alijifanya anapima kitu.

Nilidhani atapindua meza. Badala yake aliweka kete chini na, kwa mara ya kwanza tangu aketi nasi, mhusika wake akafungua kinywa.

"Wewe mlinzi," akasema. "Nilikuwa naongea. Sikuwa na silaha. Ulinikata nikiwa katikati ya sentensi, watu wakacheka. Kwa nini?"

Kisha akanitazama mimi, kwa sababu katika mchezo huu mimi ndiye kinywa cha mlinzi.

Niliigeuza karatasi yako mbele na nyuma. Umeniandikia urefu wa mnyororo, uzito wa upanga, na unene wa nguzo. Hukumwekea mlinzi wako hata neno moja kinywani. Ningeweza kumtungia jibu. Ndiyo kazi ya msimulizi. Lakini angejua, na angekuwa amedanganywa kwa mdomo wako. Nikasema, "Mlinzi atajibu kwa posta."

"Kwa posta?" akaruka Mwokaji. "Mimi navuja damu hapa, kulabu iko mdomoni, halafu tunangoja stempu?"

Mwanao akasema, "Nitangoja."

Kwa hiyo tumesimama hapo hapo, mjomba. Shoka liko juu, mlinzi yuko nguzoni. Niandikie anachosema.

Mpwa wako

9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na pongezi kwa cheo. Vikao vizoee kama unavyozoea maiti: usipapase sana.

Kuhusu mlinzi. Akiwa na jeraha la paja, hawezi tena kusogea miraba mitatu, ahesabiwe miwili. Mshale wa jicho unamnyima upande wa kulia, kwa hiyo azungushe mgongo wake robo duara kuizunguka nguzo. Kama mwenye shoka ameshusha silaha ili azungumze, mlinzi amepata nafasi ya pigo la bure, na kwa mujibu wa kanuni anaruhusiwa kulitumia. Nakumbusha tu kanuni.

Hali ya hewa huku ni ya ukungu.

Mjomba wako

20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima.

Sikukuuliza mlinzi anasimama wapi. Nilikuuliza anasema nini.

Barua yako sikuisoma mezani. Mwanao aliiona bahasha, akaniuliza, "Kajibu?" Nikasema bado. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayethibitisha kipimo alichokuwa nacho tangu zamani. Anakuja kila Jumapili, anakaa mbele ya ramani ile ile, anakunywa chai ya Mwokaji, anaondoka. Wiki iliyopita alikuja na jeraha la kweli: bati la gari lilimchana kifua akiwa kazini. Nilimshona mwenyewe. Hakulia wala hakutukana. Ninawashona watu wengi, mjomba, na wanaoniogopesha ni wale wasiotoa sauti.

Yadi yao inahamishwa. Mwisho wa Agosti ataondoka nayo, na nilipomwomba anwani alisema hajaijua. Ana miezi mitatu, na wewe pia.

Pigo la bure sitalitumia.

Mpwa wako

17 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie mama yako ninamkumbuka.

Umengoja muda mrefu. Hukutendewa haki, na sitasingizia posta. Nilimwandikia mlinzi majibu mengi. La kwanza lilieleza kwamba katika vita halisi hakuna anayekuacha umalize hotuba, na kwamba mtoto ni bora alijue hilo mezani kuliko mtaani. Lilikuwa jibu zuri lenye mpangilio, nikalisoma kwa sauti chumbani kwangu na nikasikia mtu anayemkata mwenzake tena. Nikalichana. La pili lilikuwa la kuomba radhi. Lilikuwa refu, na kufikia katikati nilitambua kwamba ninamtaka aketi kimya anisikilize mimi. Nalo nikalichana. Mengine sikufika nayo mwisho.

Mlinzi hana jibu. Basi afanye hivi.

Aweke upanga chini. Afungue mnyororo kutoka kwenye kifundo, na kulabu itolewe kinywani mwa mbeba taa taratibu, kwa mkono, bila kupasua zaidi. Avue kofia ya chuma hata kama ngozi itatoka nayo. Aketi sakafuni, mgongo wake uwe mbali na nguzo.

Kisha aseme neno moja: "Malizia."

Asiseme jingine. Asitetewe kwa kete yoyote. Mwenye shoka amalize kusema alichokuwa anasema, hata kikichukua alasiri nzima, hata kama mwisho wake ni shoka.

Mjomba wako

6 Agosti

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mama amesoma barua yako kabla yangu, kama kawaida yake, kisha akaenda jikoni akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jumapili nilikaa mahali pangu nikasoma ulichoandika kama kilivyo, bila kupamba. Nilipofika kwenye kofia, nilieleza jinsi ngozi ya shavu ilivyotoka na kutu, na jinsi uso ulivyobaki wa nyama tupu yenye kuchuruzika. Mwokaji alishika taya lake. Kisha nikasema, kwa sauti ya mlinzi, "Malizia."

Mwanao alikizungusha na kukizungusha kizibo chake juu ya ramani, hata nikadhani tumechelewa. Mwalimu alikohoa. Mwokaji, Mungu ambariki, akasema, "Kaka, sema bwana. Mimi ndiyo kwanza nimetolewa chuma mdomoni na nimekaa kimya. Unadhani ni rahisi?"

Mwanao alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu tukiwa watoto. Halafu akaanza.

Hotuba ile bado anaikumbuka, mjomba. Alianza pale pale ulipomkatiza, kwenye sentensi ile ile, na akaenda nayo hadi mwisho wake. Lakini haikuishia hapo. Baada ya maneno ya mtoto yalifuata ya mtu mzima, ya miaka yote, na hayo hayakuwa na adabu. Alisimama. Alimtukana mlinzi, akamuuliza maswali, akajijibu, akamweleza habari za yadi, za chumba anacholala, za siku aliyotaka kukuandikia akakosa namna ya kuanza. Mlinzi alibaki sakafuni. Mara mbili mkono wangu uliifuata kete kwa mazoea, nikaurudisha.

Alipomaliza alikaa. Mhusika wake akainua shoka, akamkata mlinzi.

Sitakuficha. Halikuwa pigo moja. La kwanza lilizama kwenye mfupa wa shingo likakwama, akaweka mguu kifuani kulichomoa. La pili lilitenga kichwa. Damu ilikuwa nyingi na ilikuwa nyekundu, nilivyosimulia mimi, si nyeusi kama ya wafu. Niliona ndiyo haki. Hakuna aliyeshangilia. Mwanao alikiondoa kizibo cha mlinzi kwenye ramani, akakiweka mfukoni mwa shati lake, upande usio na kovu la mshono.

Nikamuuliza nikuandikie nini.

"Mwambie nimemaliza."

"Na hayo uliyosema, niyaandike?"

"Nilikuwa namwambia mlinzi. Mzee hakuwepo." Akavaa koti. "Akiyataka, hayasomwi kwenye karatasi."

Kwa hiyo sikuyaandika. Malori ya yadi yanapakiwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi.

Mpwa wako akupendaye

19 Agosti

Mwanangu,

Barua hii nimeituma kwa dada yako akupe mkononi, na nimemwomba mama yake asiifungue.

Nimeambiwa umemaliza. Nimeambiwa pia kwamba ilikuwa hotuba nzuri na kwamba haikuwa na adabu. Mimi ndiye pekee mezani ambaye sijaisikia.

Ninapanda treni Jumatatu ya wiki ya malori yenu. Nitafika stesheni Jumanne asubuhi na nitakaa kwenye benchi la upande wa yadi yenu. Nina koti la kijivu na nimekonda. Usipite ukidhani ni mtu mwingine. Sitakuwa na karatasi wala kalamu, na sitakuwa na la kusema mpaka utakapokuwa umesema wewe.

Ukitaka kunipita, nipite. Nitakuwepo na Jumatano.

Baba yako